Nani Alipe Toleo Jipya?

Katika duka moja la kadi za arusi mjini Mombasa, lenye meza mbili, kompyuta moja na mashine ya kuchapia iliyofunikwa leso kuukuu ili vumbi lisiingie, nilimkuta fundi ameketi akiitazama kadi aliyoichora kwa mkono wake wiki tatu nyuma, naye hawezi kuigusa. Baba wa bibi arusi alikuwa amesimama ubavuni pake, na haja yake ilikuwa ndogo mno: siku ya akdi imesogezwa kutoka Ijumaa hadi Jumapili, basi neno moja na tarakimu mbili zibadilishwe. Lakini malipo ya mwezi ya programu yalikuwa yamekwisha muda wake usiku wa jana, kadi ya benki imekataliwa, na programu ile, ambayo fundi aliijua tangu zama za kuinunua mara moja na kukaa nayo, iligoma kuifungua kazi yake. "Subiri kidogo, mzee wangu," alisema, huku akimpigia simu nduguye aliyeko Nairobi amlipie. Mzee akavuta kiti, akauliza kwa upole: "Mwanangu, kadi nimekwisha kuilipa. Hii nyingine ni kodi ya nani?"

Swali hilo, lililoulizwa na mtu asiyepata kushika programu yoyote, ndilo linaloisumbua leo biashara nzima ya zana za wachoraji, wapiga picha, wahariri wa filamu na watengenezaji wa muziki. Kwa miaka mingi mushtari wa zana hizi alizoeshwa kupata toleo jipya bila ya kutoa senti. Sasa kampuni moja baada ya nyingine inamwambia kwamba hisani ile imefika kikomo, naye anajiona amedhulumiwa. Kabla ya kuamua haki iko upande gani, yafaa tuzitazame hesabu zenyewe.

Zamani desturi ilikuwa wazi. Photoshop ya Adobe, iliyotolewa mwaka 1990, na nyingine zilizofuata, ziliuzwa ndani ya sanduku. Aliyenunua alikuwa na toleo lake hata akizeeka nalo, na lilipotoka jipya aliuziwa kwa bei ya chini kuliko ya mgeni, akitaka anunue, asipotaka aendelee na lile la kale. Intaneti ilipoliondoa sanduku, na kunakili programu kukawa hakugharimu kitu, wauzaji wengi waliona kwamba ahadi ya "nunua mara moja, yajayo yote bure" ni chambo kizuri kuliko tangazo lolote. Duka la programu la Apple nalo liliuchochea mwendo huo, kwa kuwa halikumwekea mwenye programu njia nyepesi ya kumtoza mteja wa zamani bei ndogo ya kupandia toleo: ama ampe bure, ama amuuzie upya kama mgeni.

Lakini kisichogharimu ni kunakili, kuunda kunagharimu. Kila mara Apple na Microsoft zinapobadili mifumo ya kompyuta, wahandisi wa kampuni nyingine hawana budi kuirekebisha programu yao ili isife, hata kama haikuongezwa uzuri wowote, na wahandisi hao nao wana watoto wa kusomesha. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nathubutu kuongeza kwamba vikiendelea kuelea, yuko mtu anayevitia kalafati.

Basi toleo la bure hulipwa na nani? Jibu la kwanza ni kwamba hulipwa na mnunuzi ajaye. Kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilianza kutoa FruityLoops mwishoni mwa mwaka 1997, programu ambayo mwaka 2003 ilibadilishwa jina ikawa FL Studio, na ambayo vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walijifunzia kutengeneza midundo. Ahadi yake ni kwamba aliyeinunua atapata matoleo yote yajayo, na hadi sasa ahadi hiyo imetimizwa: toleo la 20 lilipotoka mwaka 2018 na kuingia rasmi katika kompyuta za Mac, wenye leseni za kale walilipata bila ya kuongeza kitu. Haki na itolewe kwa mwenye nayo. Lakini hesabu iko pale pale: kijana anayeingia leo katika muziki ndiye anayemlipia mkongwe aliyeingia miaka ishirini nyuma, na kampuni huuza ala za ziada pembeni, na tangu mwaka 2023 inayo huduma iitwayo FL Cloud, ambayo hulipiwa kwa muda.

Jibu la pili ni kwamba hulipwa na bidhaa nyingine. Muuza halua anayemkaribisha mushtari kwa finjani ya kahawa hakuisahau bei ya kahawa. Ameitia ndani ya halua. Hivyo ndivyo ilivyofanya Blackmagic Design ya Australia, iliyoinunua kampuni ya da Vinci Systems mwaka 2009, wakati ambapo mitambo ya kusahihishia rangi za filamu iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Leo programu yake ya DaVinci Resolve hupatikana bure, na toleo lake kamili huuzwa kwa dola 295, na walionunua hawajatozwa kwa matoleo yaliyofuata, kwa sababu halua ya kampuni hiyo ni kamera na mitambo ya studio. Apple nayo iliuza programu ya filamu ya Final Cut Pro X mwaka 2011 kwa dola 299.99 na ile ya muziki ya Logic Pro X mwaka 2013 kwa dola 199.99, kisha ikatoa masasisho kwa miaka zaidi ya kumi bila ya malipo, maana ilijua kwamba atakayeyatumia sharti kwanza anunue kompyuta ya Mac.

Mashaka huanza kwa yule ambaye kahawa ndiyo bidhaa yake pekee. Celsys ya Japani ilitoa Clip Studio Paint mwaka 2012, ikapendwa na wachoraji wa katuni za manga dunia nzima, na kwa takriban miaka kumi walioinunua mara moja walipewa nyongeza zote bure. Agosti mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba kuanzia toleo la 2.0 nyongeza za namna hiyo hazitakuwa bure tena: mwenye leseni ya kudumu atabaki na toleo lake, na akitaka mapya alipie. Wachoraji walipaza sauti kwa uchungu, kampuni ikaomba radhi kwa maelezo yaliyowachanganya watu, lakini azma haikubadilika, na Machi 2023 toleo la 2.0 likatoka kwa malipo. Ukilitazama shauri hilo bila ya hamaki, huoni ghilba ndani yake; waona duka ambalo karibu kila aliyetaka kununua amekwisha kununua, ilhali mafundi wake bado wanadai ujira kila mwisho wa mwezi.

Kisa cha Serif ya Nottingham, Uingereza, kina mafunzo zaidi, kwa sababu kilipinduka mara mbili. Kampuni hiyo ilitoa programu ya kuchorea ya Affinity Designer mwaka 2014 kwa dola 49.99, ikajijengea sifa kwa kukataa kabisa malipo ya kila mwezi, na kwa miaka minane ikayatoa masasisho ya toleo la kwanza bila ya kudai kitu. Novemba 2022 likaja toleo la pili, nalo likauzwa upya; wateja wa zamani walipewa punguzo, lakini punguzo lile lile alipewa na mpita njia, na hilo ndilo lililowauma kuliko bei yenyewe, kwani mtu anaweza kustahimili kulipa, asistahimili kusahauliwa. Machi 2024 Serif ikanunuliwa na Canva ya Australia, na Oktoba 2025 programu zake za Affinity zikaunganishwa kuwa moja na kutolewa bure kabisa, ila zana za akili unde zikawa za wale wanaoilipa Canva. Yule aliyelalamika mwaka 2022 kwa kuombwa dola chache sasa haombwi hata moja, na bado ana wasiwasi, naye si mjinga: mteja anayelipa ana neno la kusema, na mgeni wa kukaribishwa hula alichopakuliwa.

Adobe ndiyo iliyokwenda mbali zaidi ya wote. Mwaka 2013 ilitangaza kwamba seti ya CS6, ambayo kamili yake iliuzwa kwa dola 2,599, itakuwa ya mwisho kununuliwa moja kwa moja, na kuanzia hapo zana zake hupatikana kwa malipo ya muda, ambayo wakati huo yalikuwa dola 49.99 kwa mwezi kwa aliyejifunga mwaka mzima. Mapato ya kampuni yalishuka kidogo katika mwaka huo wa kwanza hadi dola bilioni 4 na ushei. Mwaka wa hesabu 2024 yalikuwa dola bilioni 21.5. Haifai kusema kwamba mapato yote hayo yalitoka kwa wachoraji, maana kampuni ina biashara nyingine, lakini hapana mfanyabiashara aliyeziona tarakimu hizo asitamani kupita njia ile ile. Upande wa pili wa sarafu ulionekana Juni 2024, pale serikali ya Marekani ilipoishtaki Adobe ikidai kwamba iliificha ada inayotozwa mteja anayejitoa kabla ya mwaka kwisha.

Na liko neno moja ambalo mnunuzi hana budi kulipima kabla ya kulifurahia, nalo ni "maisha". Mwaka 2016 kampuni ya Cakewalk, iliyokuwa mali ya Gibson ya Marekani, iliwauzia watengenezaji wa muziki masasisho ya maisha ya programu ya SONAR. Novemba 2017, mwaka mmoja na ushei baadaye, Gibson ikatangaza kwamba kazi ya kuiendeleza Cakewalk imesimama. Wanunuzi walikuwa hai na wazima. Aliyekufa ni muuzaji. BandLab ya Singapore iliinunua mali hiyo mwaka 2018 na kuigawa programu bure, kisha mwaka 2023 ikatangaza kwamba mrithi wake atakuwa wa kulipiwa. Ahadi ni deni, lakini deni la marehemu asiyeacha kitu halimshibishi mdai.

Iko njia nyingine, ya wenye kuchanga. Programu ya Blender ya Uholanzi, ya kutengenezea filamu za katuni, iliokolewa mwaka 2002 kwa mchango wa yuro 100,000 uliokusanywa kwa muda wa wiki saba, ikawekwa wazi kwa kila mtu, na tangu hapo huendeshwa kwa michango ya watu na makampuni. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa zana hiyo, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Hata hapo pana mlipaji, ila analipa kwa hiari na kwa kadiri ya uwezo wake.

Tukirudi kwenye swali la nani alipe, mimi naona mambo matatu yametiwa katika kapu moja, na fitina yote imezaliwa humo. La kwanza ni matengenezo: programu iliyouzwa ikiwa na kasoro, au tundu la kupitia mwizi, sharti irekebishwe bila ya malipo, kwa kuwa bei ya kazi nzima imekwisha kutolewa, na fundi wa jahazi hadai ujira wa pili kwa ubao alioupigilia vibaya. La pili ni kazi mpya: brashi ambayo haikuwapo, uwezo ambao hakuna aliyeuahidi. Hiyo ina wenyewe waliokesha wakiifanya, na mwenye kuitaka na ailipe bila ya kununa, mradi mteja wa zamani apewe bei ya mtu wa nyumbani na asiyeitaka aachwe na toleo lake. La tatu ni kazi ya mteja mwenyewe, picha na nyimbo alizozitengeneza, ambazo hazifai kugeuzwa rehani: malipo yakikatika, azuiwe kuchora jipya ikibidi, lakini asizuiwe kufungua na kutoa kilicho chake.

Katika miji yetu shauri hili lina uzito wa ziada, kwa sababu bei hutajwa kwa dola na fundi hulipwa kwa shilingi, tena si kila mwezi, bali msimu wa arusi na msimu wa uchaguzi; anayeweza kujikusanyia bei ya zana moja baada ya Ramadhani huenda asiweze kabisa kuitoa kidogo kidogo mwaka mzima. Wala tusijifiche nyuma ya unyonge huo: nyingi ya programu zinazotumika mitaani ni zile zilizovunjwa kufuli, na mwenye kutumia cha wizi hana ulimi wa kudai haki ya mnunuzi.

Nduguye fundi alilipa kutoka Nairobi, kadi ikafunguka, na Ijumaa ikawa Jumapili kabla kahawa ya mzee haijapoa. Alipotia mkono mfukoni kuuliza anadaiwa nini, fundi alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya mashine: kosa letu, bure, badiliko lako, shilingi mia mbili, kadi mpya, bei mpya. Mzee akaisoma yote kwa sauti, akasema ni insafu, akatoa mia mbili zake. Karatasi ile haikusema lolote juu ya kuzuia kadi iliyokwisha kulipiwa, kwa kuwa aliyeiandika hakudhani kwamba jambo kama hilo laweza kumpitikia mtu.