Duka lipo mtaani, kwenye ramani halipo

Mtu anayeharibikiwa gari Sakina, Arusha, saa mbili usiku haendi tena kuulizia kijiweni. Anatoa simu, anaandika "gereji karibu nami", na Google inamletea ramani ndogo yenye majina matatu chini yake. Fundi aliye hatua mia moja kutoka hapo, mwenye uzoefu wa miaka ishirini, anaweza asiwemo kati ya hao watatu wala kati ya thelathini. Kazi inakwenda kwa mwenzake wa Njiro, na fundi wa Sakina hatajua kamwe kwamba mteja alikuwa mlangoni pake.

Hasara ya namna hii haiandikwi kwenye daftari la mauzo, ndiyo maana wafanyabiashara wengi wadogo wa Arusha hawaihesabu. Lakini jiji limekua. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442. Ya 2022 ikakuta 617,631. Katika mji wa ukubwa huo, sifa ya mdomo inaishia mtaa wa pili au wa tatu. Ongeza wageni: wajumbe wa mikutano ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa (AICC), watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, madereva wanaoingia kutoka mpakani Namanga, na sehemu kubwa ya wanaokwenda Ngorongoro na Serengeti. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895. Wageni wanaopita Arusha wanahitaji fundi viatu, famasi, saluni, chakula cha mchana na chumba cha kulala, na wengi wao wanaiuliza simu kabla ya kumuuliza mtu.

Kampuni za utalii ziliielewa habari hii mapema. Zinalipia tovuti, picha na waandishi, kwa sababu zinagombania maneno kama "safari ya Serengeti" na mawakala wa London, Nairobi na New York. Hizo ni mbio za wenye fedha, na simshauri mwenye gesti ya vyumba sita Kijenge aziingie. Utafutaji wa karibu ni mashindano mengine kabisa. Google yenyewe imeeleza kwamba majina ya kwenye ramani inayapanga kwa kuangalia mambo matatu: biashara inalingana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inafahamika kiasi gani kutokana na maoni ya wateja na habari zake mtandaoni. Imesema pia kwamba nafasi ya juu katika orodha hiyo hainunuliwi. Matangazo ya kulipia yapo, lakini yanawekewa alama yake. Kwa hiyo fundi wa Sakina ana silaha moja ambayo kampuni kubwa ya Dar es Salaam haina: yeye yuko Sakina.

Silaha hiyo inafanya kazi pale tu pini inapokaa mahali pake, na hapa Arusha ina shida yake ya pekee. Mji umekaa kwenye miteremko ya Meru, mlima wa mita 4,566, na maji ya mlima huo yanashuka na kupita katikati ya makazi: Themi, Naura, Kijenge. Ukipanda kuelekea Sekei, Ilboru na Ng'iresi, mito imechimba makorongo. Nyumba mbili zinazoonekana jirani kwenye ramani zinaweza kutenganishwa na korongo ambalo daraja lake liko mbali. Pini ikikosewa kwa mita hamsini, mteja anajikuta ng'ambo, analiona bango lako na hana pa kuvukia. Bodaboda wenye uzoefu wanazijua pini za namna hiyo. Hupiga simu kwanza ndipo waiamini ramani. Mgeni hapigi simu. Anageuza gari na kutafuta pengine.

Tatizo la pili ni namna tunavyoelekezana. Mpaka leo utasikia mtu akisema "pale Shoprite ya zamani", ingawa Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, na Nakumatt nayo ikaja kufunga. Mwenyeji anaelewa kwamba ni kwenye maduka ya TFA, Barabara ya Sokoine. Aliyetoka Kajiado jana haelewi, na Google haimsaidii. Dawa ipo, na imeshalipiwa kwa kodi zetu. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyozinduliwa Februari 2022, miezi michache kabla ya sensa, ilizipa barabara majina na nyumba namba. Kuna pia postikodi ya tarakimu tano, ambayo kwa Mkoa wa Arusha huanza na 23. Namba ya nyumba imebandikwa kwenye fremu ya mlango, lakini kadi ya biashara, bango na ukurasa wa mtandaoni bado vinasema "karibu na msikiti". Andika anwani rasmi kwenye sehemu ya anwani, kisha hiyo alama inayojulikana uiweke kwenye maelezo, kwa sababu wenyeji nao ni wateja.

Huduma ya kuiweka biashara kwenye ramani ya Google ni bure. Ilianza mwaka 2014 kwa jina la Google My Business, na tangu mwishoni mwa 2021 inaitwa Google Business Profile, yaani Wasifu wa Biashara. Kinachowakwamisha wengi ni uthibitisho. Siku hizi Google mara nyingi inadai video moja isiyokatwa. Anza barabarani, onyesha kibao cha mtaa au maduka ya jirani. Sogea hadi bango lako lisomeke. Kisha fungua kufuli mwenyewe, ingia nyuma ya kaunta, onyesha mashine ya risiti (EFD) au leseni ya biashara yenye jina lilelile la kwenye bango. Kinachotafutwa ni ushahidi kwamba mahali papo na wewe ndiye mwenye mamlaka napo. Asiye na bango anakwama hapo, na wako wengi Unga Limited na Ngarenaro wanaofanya kazi nzuri chini ya bati lisilo na maandishi. Bango dogo la rangi ya mkono linatosha. Fundi bomba au fundi umeme anayewafuata wateja majumbani anaruhusiwa kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia, kwa mfano Moshono, Njiro na Usa River.

Jina nalo liwe lile la kwenye bango, si zaidi. Kuna wanaojaza sehemu ya jina maneno kama "bora", "nafuu", "Arusha mjini" na orodha ya huduma zote, wakidhani wanajipandisha. Ni kinyume cha kanuni, na wasifu wa namna hiyo unaweza kusimamishwa siku yoyote, ukapotea pamoja na maoni yote yaliyokusanywa. Mahali pa kueleza kazi unayofanya ni kwenye aina ya biashara, na wengi wanaichagua kwa haraka. Gesti inayojiita hoteli inajipanga foleni moja na hoteli kubwa za Mnara wa Saa. Ikijiita nyumba ya wageni inakutana na mtu anayetafuta kitu cha kiwango chake. Orodha ya huduma iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mama wa Levolosi anayetafuta "fundi friji" na mfanyakazi wa kigeni anayeandika kwa Kiingereza wanamhitaji fundi huyohuyo.

Namba ya simu inaonekana jambo dogo, lakini nadhani ndiyo inayopoteza fedha nyingi kuliko yote. Laini ilibadilishwa kwa sababu ya bando, bango likarekebishwa, ramani ikasahaulika. Tangu Machi 2017 sheria inakuruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo sababu ya kuwa na namba tatu tofauti mahali patatu imekwisha. Saa za kufungua ni vivyo hivyo. Duka la Tengeru linaloishi kwa gulio la Jumamosi lionyeshe saa za Jumamosi, na anayefunga Jumapili aseme amefunga. Mteja aliyepandishwa bajaji hadi kwenye mlango wenye kufuli hatarudi.

Nikija kwenye maoni, hapa ndipo biashara zetu zimeachwa mbali. Mkahawa wa watalii karibu na Barabara ya Boma una maoni mengi kwa sababu mtalii ana desturi ya kuandika. Mama lishe wa Soko la Kilombero, anayewalisha wapagazi na wachuuzi tangu alfajiri, hana hata nyota moja, ingawa wateja wake wanamsifu kila siku kwa mdomo. Mteja wetu huandika akishakasirika. Matokeo yake ni kwamba anayefungua ramani anaamini chakula kizuri cha Arusha kiko kwenye mitaa miwili tu ya katikati ya mji, na fedha zinaelekea huko.

Hili linarekebishika. Google inakupa kiungo na msimbo wa QR wa kuombea maoni. Uchapishe, ubandike kando ya karatasi ya Lipa Namba, mahali ambapo mteja tayari ameshika simu. Mwombe kwa adabu na umwache aandike anachotaka. Usimpe soda wala punguzo, maana kununua maoni kumekatazwa, na maoni kumi ya siku moja yanayofanana maneno yanamtia shaka hata msomaji asiyejua kanuni. Ukilaumiwa, jibu. "Pole sana ndugu mteja. Siku ile umeme ulikatika na jenereta ikachelewa, maji ya moto yakakosekana. Tumeshafunga sola ya maji. Ukija tena mwulize meneja, tutakupokea." Jibu kama hilo halimlengi aliyelalamika peke yake, wanalisoma wote wanaofikiria kuja. Mwenye gesti anayemtukana mteja mbele ya umma amejifungia mlango mwenyewe.

Ukishajisajili usiondoke. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye ramani, hata kusema biashara yako imefungwa kabisa, na mara nyingine pendekezo hupita. Pitia wasifu wako kila wiki kama unavyopitia salio.

Vijana wengi wa Arusha watasema hawahitaji haya kwa sababu wanauza Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Wanauza kweli, na wengine vizuri. Lakini status hufutika baada ya saa 24 na haitafutiki. Instagram ilianza Julai 2025 kuruhusu machapisho ya akaunti za kibiashara yaonekane kwenye injini za utafutaji, kwa hiyo anayeandika "viatu vya ngozi, Kaloleni, Arusha" chini ya picha ana nafasi kuliko anayeandika "mzigo mpya, karibu DM". Tovuti nayo ina faida, hata ikiwa ya ukurasa mmoja chini ya .co.tz, yenye huduma, bei na ramani. Waliotegemea tovuti za bure zilizotengenezwa ndani ya Wasifu wa Biashara wa Google wakumbuke kwamba zilizimwa Machi 2024. Kama wasifu wako bado unaelekeza huko, mteja anafika pasipo na kitu.

Neno kuhusu wanaopita madukani wakiahidi kukufanya "namba moja Google" kwa malipo ya mwezi. Wako wanaofanya kazi halali ya picha, maelezo na tovuti, na hao walipwe. Anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa hakika anauza kisichouzwa. Na usikubali wasifu usajiliwe kwa barua pepe yake: mkigombana, ataondoka na duka lako la mtandaoni. Umiliki ubaki kwako, yeye umpe nafasi ya meneja.

Arusha ina sababu ya kuharakisha. Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON ya 2027, na uwanja wa watazamaji 30,000 unajengwa Olmoti. Mashabiki watakaovuka Namanga watakuwa na simu mkononi, na wengi wao watatafuta kwa Kiswahili. Halmashauri ya Jiji inatoa mikopo kutoka asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kabla ya kukabidhi fedha ingehakikisha kila kikundi chenye duka au karakana kimesajiliwa kwenye ramani, kina pini sahihi na namba inayopokelewa. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lina wajasiriamali linaowahudumia; TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, ina wanachama; Chuo cha Uhasibu Arusha na Chuo cha Ufundi Arusha wana wanafunzi wanaohitaji mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi mmoja anaweza kumaliza mtaa mzima wa maduka wakati wa likizo.

Na wewe mwenye duka usisubiri semina. Leo jioni ukishafunga hesabu, andika jina la biashara yako kwenye simu ya mtu mwingine, uangalie kinachotokea. Ukiikuta, anza kurekebisha namba ya simu. Usipoikuta, kesho asubuhi fungua duka ukiwa unarekodi video.