Kwenye Sinia la Wahabeshi: Nyama Mbali, Adesi Pamoja

Sisi watu wa pwani tuna neno letu "buni", yaani kahawa ambayo haijakaangwa. Wahabeshi nao huiita "buna". Si ajabu, kwani mmea wenyewe asili yake ni misitu ya kusini magharibi mwa Uhabeshi, na ni kutoka huko ulikovuka Bahari ya Shamu ukafika Yemen, kisha dunia nzima ikaujua. Fauka ya hayo, hakuna mtoto aliyesoma chuoni asiyesikia habari za Najashi, mfalme Mkristo aliyewapa hifadhi Waislamu wa mwanzo walipohamia nchi yake kutoka Makka mnamo mwaka 615. Pamoja na hayo yote, ukimuuliza mtu wa Mombasa au Lamu Wahabeshi hula nini, aghalabu atakujibu, "Anjera," kisha anyamaze.

Mnamo Oktoba 2023 kazi ilinipeleka Addis Ababa kwa wiki mbili, na huko nilikula katika mikahawa ya kila namna. Hayo ya anjera nitayaeleza, lakini kwanza nataka kuzungumza juu ya nyama, maana hapo ndipo Mwislamu kutoka Kenya anapopigwa na butwaa.

Kwetu Kenya mambo ya machinjo tumeyazoea hivi: mchinjaji aghalabu huwa ni Mwislamu, na nyama yake huliwa na kila mtu bila ya neno. Mkristo wa Kisauni hana habari ni nani aliyeshika kisu. Uhabeshi sivyo. Mkristo wa Kiorthodox huchinja kwa kutaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na Mwislamu huchinja kwa Bismillahi. Na kila mmoja hujizuia na nyama ya mwenziwe. Naam, kila mmoja! Sisi tumezoea kwamba anayeuliza ni Mwislamu. Huko Mkristo naye huuliza, na akiambiwa nyama ni ya Waislamu huirudisha. Kwa hiyo utaona bucha moja limetiwa alama ya msalaba na jingine alama ya mwezi, na kwenye arusi yenye wageni wa dini zote mbili huchinjwa mara mbili na kupikwa katika vyungu mbalimbali. Wako wanaoshika aya ya Suratul Maida inayohalalisha chakula cha Ahlul Kitabu, na mjadala huo wa masheikh sitauingilia katika ukurasa huu. Nasema tu kwamba kwa Wahabeshi wenyewe ni desturi ya karne nyingi, na haileti ugomvi mezani.

Hayo niliyashuhudia kwa macho yangu. Wenyeji wangu walikuwa wawili, marafiki tangu utotoni, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu wa Wollo, eneo ambalo watu wa dini hizo mbili wamechanganyika hata katika ukoo mmoja. Siku ya Alkhamisi walinipeleka kwenye mkahawa wa Waislamu mtaa wa Merkato, karibu na Msikiti wa Anwar. Mimi na yule wa Wollo tuliletewa "tibs", vipande vya nyama vilivyokaangwa kwa vitunguu na pilipili mbichi. Mkristo aliagiza sahani yake pembeni, rojo ya unga wa dengu waiitayo "shiro", akala huku akitutania kwamba sisi tunakula ng'ombe na yeye anakula majani ya ng'ombe. Wamekaa pamoja kwa miaka thelathini namna hiyo.

Siku ya pili ikawa Ijumaa, na hapo mambo yakageuka. Waorthodox hufunga kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa katika siku hamsini zifuatazo Pasaka, mbali na Kwaresima yao ya siku 55 na saumu nyinginezo. Saumu yao si kama yetu. Hukaa bila ya kula mpaka adhuhuri au alasiri, kisha hula, lakini hawagusi nyama, maziwa, mayai wala samli. Ndiyo maana mikahawa mingi ya nchi, hata ile yenye kusifika kwa nyama, siku hizo huwa na chakula cha saumu, na chakula hicho hakina mchinjaji. Ijumaa ile, baada ya sala, tuliketi sote katika mkahawa wa Wakristo, pamoja na mke wa yule rafiki Mkristo, tukala sinia moja.

Meza yenyewe ni kikapu kirefu cha nyasi za rangi rangi, kiitwacho "mesob". Kifuniko chake kimechongoka mfano wa kawa letu, ila ni kikubwa mno. Tulimiminiwa maji ya kunawa, kifuniko kikainuliwa, na ndani lilikuwamo sinia lililotandazwa injera moja pana kama mkeka wa kusalia mtoto. Juu yake mlikuwa na mafungu ya rangi mbalimbali: adesi nyekundu zenye pilipili, dengu za manjano zilizotiwa manjano na tangawizi, majani yanayofanana na sukumawiki, kabeji na viazi na karoti, na shiro katikati ikitokota bado.

Injera hupikwa kwa nafaka iitwayo "teff", iliyo ndogo kupita mtama na hata wimbi. Unga huchanganywa na maji na kiasi cha chachu ya kinyunga cha zamani, ukaachwa siku mbili tatu uchachuke, kisha humiminwa kwa mzunguko juu ya bamba pana la udongo na kufunikwa. Haigeuzwi. Upande wa chini hutoka laini na wa juu hujaa vitundu ambavyo wao huviita macho, na mpishi hupimwa kwa macho hayo. Anayejua chila zetu, au anjera ya Wasomali, au lahoh ya Wayemeni, ataijua mara moja, ila uchachu wake ni mkali zaidi. Tonge la kwanza sikulipenda. Kufika la tano nilikuwa ninaukata ule mkeka kutoka ukingoni kwa pupa, maana ndio sahani, ndio kijiko, na ndio chakula.

Siri ya mchuzi iko kwenye vitunguu. Mwanamke wa pwani akipika pilau hukaanga vitunguu katika mafuta hadi vikawa hudhurungi. Mhabeshi huviweka chunguni vikavu, bila ya mafuta, akavikoroga kwa subira mpaka vikawa rojo, ndipo atie mafuta na "berbere". Hii ni pilipili nyekundu iliyosagwa pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, iliki ya kwao, uwatu na viungo vinginevyo. Siku zisizo za saumu mahali pa mafuta hutiwa samli iliyochemshwa na viungo. Hivyo ndivyo lipikwavyo "doro wat", pishi la sikukuu: kuku huoshwa kwa ndimu na chumvi, hukatwa vipande kumi na viwili, na mayai mazima ya kuchemsha hutumbukizwa mchuzini. Nililila Merkato, na nakiri biriani ya kwetu imepata mshindani.

"Kitfo", nyama mbichi iliyosagwa na kutiwa samli na pilipili, ni fahari ya Wagurage. Mimi sikuthubutu. Anayetaka aombe ipashwe moto.

Kuna jambo moja la adabu ambalo msafiri wetu afaa alijue mapema. Wahabeshi hulishana. Mtu hufunga tonge nono akalitia kinywani mwa mgeni kwa mkono wake, na huita "gursha". Kulikataa ni kumvunjia heshima. Yule mke wa rafiki yetu alifunga tonge la adesi, akaninyoshea. Kabla sijajua la kufanya, mtu wa Wollo alisema maneno mawili ya Kiamhari, bibi akacheka, akampa mumewe tonge lile, naye mume akanilisha. Heshima ikapatikana bila ya mtu kuona haya.

Katika vinywaji, "tej" ni pombe ya asali ijapokuwa inaonekana kama sharubati, na "tella" ni pombe vilevile. "Birz" ni maji ya asali yasiyochachuliwa, lakini akilazwa huanza kuchachuka, basi mimi nilishika maji ya chupa. Na shiro nayo uliza, maana iko aina itiwayo nyama. Sema "tsom", yaani saumu, nao wataelewa.

Mwisho ikaja buna. Majani mabichi yalitandazwa sakafuni, ubani ukafukizwa, na msichana akakaanga buni mbele yetu, akatupitishia kikaango tunuse moshi. Mtungi wake wa udongo una shingo ndefu, nao wataka mkono mtulivu kama wa muuza kahawa mwenye dele. Pembeni palikuwa na bisi. Mkristo yule alinieleza kwamba zamani kanisa lao liliiona kahawa kuwa ni kinywaji cha Waislamu na kuikataza, hadi zama za Menelik wa Pili, aliyetawala 1889 hadi 1913, ambaye aliinywa mwenyewe. Huhudumiwa vikombe vitatu, kutoka buni zile zile. Cha kwanza ni "abol", cha pili "tona", na cha tatu, chepesi kuliko vyote, huitwa "baraka". Nilimwuliza mtu wa Wollo neno hilo ni la Waislamu au la Wakristo. Alisema ninywe kwanza, isije ikapoa.