Harufu ya Majani na Funza wa Mahindi

Bwana mkulima, ukifyeka majani utasikia harufu yake mara moja. Harufu hiyo ni mvuke mwepesi utokao katika mmea wenyewe. Mimea huutoa hata isipokatwa, ingawa pua zetu hazisikii yote. Sisi twapita tu, lakini wadudu huifuata kama msafiri afuatavyo vibao vya njia.

Nondo, ambaye ni mama wa yule funza atobaye mabua ya mahindi, hutembea usiku, na harufu ndiyo humwonyesha mahali pa kutaga. Watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waliona ya kwamba nepia huzidisha sana harufu yake katika saa ya kwanza ya giza, wakati ule ule nondo anapotafuta mahali. Basi nondo huvutwa huko. Mayai yakianguliwa, funza hujaribu kutoboa bua, na nepia hutoa utomvu unaomnasa. Wengi hufa.

Yako majani mengine, yale yanayonata mkononi na kunukia kama sukari guru. Hayo humfukuza nondo. Tena, mwaka 1997 watafiti hao walieleza ya kwamba harufu yake huwaita nyigu wadogo sana, ambao hutaga mayai ndani ya mwili wa funza na kumwua. Nyigu hao hawaumi mtu, usiwaogope.

Desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hupunguza funza vilevile. Wataalamu wangali wakibishana kama ni kwa harufu au ni kwa vinyweleo vyake vinavyonasa. Kwa mwenye shamba ubishi huo si kitu: mizizi yake huzuia gugu la striga, yaani kayongo, na ng'ombe huyapenda majani yake.

Panda nepia mistari mitatu kuzunguka mahindi, na uipande mapema kusudi iwe mirefu kuliko mahindi. Wako wanaoikata yote siku moja kwa ajili ya ng'ombe. Hapo mtego umeondoka, na nondo wa usiku huo ataingia katika mahindi. Anza na mstari wa ndani, ulio karibu na mahindi, na ile ya nje iache isimame mpaka huo wa ndani uchipuke tena.