Maonyesho Yasiyofunguliwa

Kila ufikapo mwezi wa Agosti, wakulima wa Tabora huleta mazao yao katika maonyesho ya Nane Nane. Ni desturi njema. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba katika mwezi huo huo, mwaka 1914, serikali ya Kijerumani ilikuwa imeandaa huko Dar es Salaam maonyesho makubwa ya koloni zima, na kwamba maonyesho hayo hayakupata kufunguliwa.

Pamba, katani na mpira vilikuwa vya kuonyeshwa, lakini fahari kubwa ya Wajerumani ilikuwa ni reli ya kati. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Safari iliyokuwa ikichukua miezi kwa miguu ikawa ya siku chache.

Kabla ya hapo, njia yote kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa mabegani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mtu alibeba takriban frasila mbili. Pembe zilizojaza forodha ya Unguja zilipita Tabora kwanza, na utajiri wa Visiwani ulitegemea miguu ya watu wa bara. Reli iliyageuzia mapato hayo bandari ya Dar es Salaam, na mpagazi akaambiwa kwamba zama zake zimekwisha.

Hazikwisha. Vita vilianza siku chache kabla ya maonyesho. Tarehe 8 Agosti 1914, siku ambayo leo twaiita Nane Nane, manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus katika bandari ya Unguja. Tabora yenyewe ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916.

Pasipo na reli, majeshi yote yalirudi kwenye mabega yale yale. Mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Hivyo mwaka uliokusudiwa kutangaza mwisho wa upagazi ulifungua upagazi mkubwa na mchungu kuliko wote. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, inamwonyesha mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwa maandishi.

Hapa ndipo penye fundisho. Maonyesho huonyesha kitu kilichokamilika, na humficha aliyekibeba. Tunawaomba viongozi wa mikoa ya magharibi, pamoja na wenzao wa Visiwani, watenge banda katika maonyesho yao kwa ajili ya historia ya wapagazi, na wailinde ile miembe mikongwe na mabaki ya njia ya misafara kabla hayajamezwa na majenzi. Hilo halihitaji fedha nyingi. Wapo Visiwani wenye asili ya Unyamwezi, na wapo Tabora wenye asili ya Unguja. Mzigo ule ulikuwa wa pande zote mbili. Na kumbukumbu yake nayo tuibebe sote.