Prof kashinda nini?

Ukishapita Tegeta na kushika Barabara ya Bagamoyo hadi Boko, wahadhiri si watu wa kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana kundi la WhatsApp la mtaa halikosi picha ya jirani kashika cheti chenye fremu, na chini yake mlolongo wa "Hongera sana Prof". Ni nadra mtu kuuliza kashinda nini na kapewa na nani. Ulizeni tu, si utovu wa adabu. Sisi wa sayansi hakuna tunachopenda kama kuulizwa kuhusu kazi zetu.

Tuanze na kinachochanganya wengi: uprofesa wenyewe si tuzo. Ni cheo cha kazi, mtu anapanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, kwa kupimwa machapisho na ufundishaji wake. Shahada ya heshima nayo ni jambo lingine kabisa. Hiyo hata mwanasiasa hupewa.

Tuzo hasa ni kama ile aliyoipata Dk Julie Makani wa Muhimbili mwaka 2011 kutoka Royal Society ya Uingereza, kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer. Alitunukiwa kwa utafiti wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo wake mkubwa duniani. Tazama fedha zilivyogawanywa: paundi 5,000 zilikuwa zake, paundi 60,000 zilikuwa za utafiti. Hapo ndipo mtaa unapokosea. Tukisikia tuzo ya mamilioni tunasubiri Prof abadilishe gari, kumbe sehemu kubwa ya fedha za namna hiyo hupita kwenye akaunti ya chuo, hununua vitendanishi, hulipa wauguzi wa mradi na ada za wanafunzi wa uzamivu. Kila senti inatolewa hesabu. Gari linabaki lile lile.

Miaka minne baadaye, mwaka 2015, ikawa zamu ya Dk Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, paundi 25,000. Kazi yake ni chujio la maji. Mchanga unazuia uchafu na vijidudu, kisha tabaka la nanoteknolojia linanasa vilivyoyeyuka ndani ya maji, ikiwamo floridi inayoyapaka meno ya watu wengi wa Arusha rangi ya kahawia. Uzuri wake ni kwamba chujio hurekebishwa kulingana na maji ya mahali. Waamuzi wa tuzo hii hawakuhesabu kurasa alizochapisha. Walitaka kuona kifaa kinachofanya kazi na mtu wa kukinunua.

Ipo pia heshima isiyo na bahasha: kuchaguliwa kuingia kwenye akademia ya sayansi, kama ile ya Afrika yenye makao Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1985 chini ya mtaalamu wa wadudu Thomas Odhiambo, au ile ya dunia iliyoko Trieste, Italia, aliyoiasisi Abdus Salam mwaka 1983. Huko mtu hajiombei. Waliomo ndani wanampendekeza, wanazisoma kazi zake, kisha wanapiga kura.

Mimi binafsi huihusudu heshima nyingine, ya jina. Profesa Kim Howell, aliyefundisha zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, ana mjusi wake, Lygodactylus kimhowelli, na kirukanjia wake, Sylvisorex howelli. Charles Msuya, mtafiti wa siku nyingi wa watambaao na vyura wa nchi hii, ana kinyonga, Kinyongia msuyae, aliyetangazwa mwaka 2015. Kukipa kiumbe jina lako mwenyewe hakuna sheria inayokataza, ila wenzako watakucheka mpaka unastaafu. Na heshima hii haichagui vyeo: Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba Sekondari mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Alicheka nani? Darasa zima. Mwaka 1969 akachapisha pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, na leo dunia inalijua jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Zipo na za kununua. Barua pepe inakuja: umeteuliwa mwanasayansi bora, lipia ukumbi na kikombe. Tuzo inayomtoza mshindi ni biashara, na jirani yenu akiileta kwenye kundi mpeni pole.

Serikali nayo iliingia uwanjani. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Wizara ya Elimu ilitangaza kutenga Sh bilioni 1 kwa wahadhiri watakaochapisha katika majarida ya juu kimataifa, hadi Sh milioni 50 kwa andiko. Naunga mkono hatua hiyo, kwa kuwa andiko la namna hiyo hupekuliwa na wataalamu wa nje wasio na sababu ya kumwonea haya mwandishi. Lakini kipimo kinaacha watu nje. Utafiti wa mwani wa Profesa Keto Mshigeni wa miaka ya 1970 ulitangulia kilimo cha biashara kilichoanza Zanzibar mwaka 1989, na kimewapa kipato maelfu ya wanawake wa pwani. Jarida gani linapima hilo? Wizara ifungue dirisha la pili, kwa kazi iliyofika shambani, hospitalini au bombani, na sehemu kubwa ya fedha zake iende maabara.