Unasihi Wakati wa Mabadiliko Makubwa ya Maisha: Mkazi wa Muze Aanzie Wapi?

Kufiwa na mwenza, kuvunjika kwa ndoa, kustaafu au kupoteza mtaji wa kilimo kunaweza kumkosesha mtu usingizi, hamu ya kula na utulivu wa kuamua mambo. Kwa mkazi wa Kata ya Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, kuuza shamba la mpunga wakati wa majonzi kunaweza kuigharimu familia kwa miaka mingi.

Hapo ndipo unasihi unapohitajika. Mnasihi hatoi amri wala hukumu. Husikiliza, humsaidia mhusika kulitaja tatizo lake waziwazi, kisha huchagua pamoja naye hatua moja inayowezekana, na wanapokutana tena huangalia imezaa nini. Mazungumzo hayo ni siri. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, akina bibi waliopatiwa mafunzo hufuata utaratibu huo wakiwa wameketi na wahitaji kwenye mabenchi ya viwanja vya zahanati. Mpango huo umefika pia Zanzibar.

Faida yake haiishii kwenye nafuu. Mhusika hubaki na njia ya kukabili mtihani mwingine utakapomfika.

Kuomba unasihi si dalili ya wazimu, wala hakuchukui nafasi ya wazee, ndugu na viongozi wa dini. Mwananchi aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja.