Kuimba kwa Upole si Kuimba kwa Unyonge

“MAMA, niimbie sauti ya pili.” Hilo ndilo ombi ambalo binti wa miaka 15 alimpelekea mama yake, rafiki yetu wa siku nyingi. Alitaka waimbe pamoja kwenye sherehe ya familia, wimbo wa kigeni wenye gitaa moja tu. Mama, aliyezoea kuimba kwaya kwa nguvu, alijaribu ubeti mmoja. Koo likamkwaruza. “Sauti yangu imekwisha, mwanangu,” akasema. “Tafuta mwenzako.”

Wengi wetu tumewahi kutoa jibu kama hilo. Je, kweli sauti hukwisha upesi hivyo? Aghalabu haijakwisha. Imechoshwa tu kwa kuita watoto kutoka mbali na kuimba kwa kukaza koo.

Wimbo wa namna gani?

Wimbo wenyewe ni “Skinny Love,” yaani, Penzi Lililokonda. Ni mmoja wa nyimbo zinazoitwa indie folk, nyimbo za masimulizi za wasanii wanaojitegemea. Mmarekani Justin Vernon, anayejulikana kwa jina la Bon Iver, aliurekodi katika majira ya baridi kali ya 2006 hadi 2007, akiwa peke yake katika kibanda cha baba yake huko Wisconsin. Alikuwa ametoka kuugua, na kundi lake la muziki lilikuwa limevunjika. Alirekodi sauti yake mara kadhaa na kuziweka pamoja, hivi kwamba mtu mmoja akasikika kama kwaya ndogo.

Mwaka 2011, msichana Mwingereza aitwaye Birdy, aliyekuwa na umri wa miaka 14, aliuimba wimbo huohuo kwa piano. Hakumwiga Vernon. Hilo ni somo la kwanza kwetu: wimbo wa namna hii hauhitaji sauti ya mtu mwingine. Unahitaji yako.

Anza na pumzi

Huenda tukafikiri kwamba kuimba polepole kunahitaji pumzi kidogo. Kumbe ni kinyume! Sauti ndogo isipotegemezwa na pumzi hutetemeka na kushuka. Hebu weka mkono tumboni, kisha vuta pumzi. Tumbo na mbavu zitanuke, lakini mabega yasipande. Sasa toa pumzi kwa kusema “sss” bila kukatisha, kwa sekunde 15 hivi. Rudia mara tano. Baadaye vuma wimbo ukiwa umefunga midomo, ukipanda na kushuka pole kwa pole. Dakika kumi zatosha, hata ukiwa unapepeta mchele.

Shusha wimbo ukufikie

Vernon huanza wimbo huo kwa sauti nyembamba ya juu, ile inayosikika kana kwamba inatoka kichwani. Ikiwa huifikii bila kunyoosha shingo, usilazimishe. Mwombe mpiga gitaa aushushe ufunguo. Si aibu, kila sauti ina kimo chake. Unapopita kutoka sauti ya kifuani kwenda ya kichwani, punguza nguvu kidogo kabla ya kufika mahali pa kuvuka. Sauti ikikatika kidogo, endelea. Katika nyimbo hizi mkwaruzo mdogo hausikiki kama kosa.

Lakini jihadhari na kunong’ona. Waimbaji wengi hupenda kuchanganya pumzi nyingi na sauti ili wasikike wapole. Ukifanya hivyo wimbo mzima, koo litachoka. Tumia pumzi hiyo kwenye neno moja au mawili tu, kisha urudi kwenye sauti safi. Kama kuna kipaza sauti, kisogelee badala ya kujikaza.

Sema kabla ya kuimba

Soma maneno ya wimbo kwa sauti, kama unayemsimulia mtu mmoja jikoni. Tambua mahali ambapo ungevuta pumzi ukizungumza. Hapo ndipo pa kuvuta pumzi ukiimba. Kiitikio cha wimbo huu hupanda kwa nguvu. Nguvu hiyo itoke tumboni, wala si kooni. Ukihisi maumivu, acha, unywe maji, upumzike. Na sauti ikikauka kwa zaidi ya majuma matatu, muone daktari, kwa kuwa huenda nyuzi za sauti zimeota vinundu.

Na kuhusu sauti ya pili? Yeye hasimami mbele. Huifuata ya kwanza kwa karibu, ikiwa chini kidogo, ikianza na kumaliza maneno pamoja nayo. Ndiyo sababu waimbaji wawili hutazamana midomo.

Je, rafiki yetu alifanyaje? Alifanya mazoezi hayo kila jioni kwa majuma matatu. Wakashusha ufunguo, akaacha kushindana na noti za juu. Siku ya sherehe alikosea ubeti mmoja. Binti akamtazama, akamngoja, wakaendelea pamoja. “Nilidhani nakwenda kumsaidia,” alituambia baadaye. “Kumbe nilihitaji kumsikiliza.”

Basi, mama mpendwa, mwanao akikujia na wimbo usioujua, usiharakishe kusema kwamba sauti yako imekwisha. Vuta pumzi kwanza. Kisha mwambie aanze.